Rangi ya Kijikaratasi

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Nyashimo. Nilizaliwa Busega ingali sehemu ya Magu. Mwaka 2012 tukakatwa, tukaingia mkoa mpya wa Simiyu, na Nyashimo yetu ikawa makao makuu ya wilaya. Kazi hii nimeifanya miaka 19. Miaka 6 kati ya hiyo nilikuwa katika wodi ya watoto wenye saratani, kwenye hospitali ya rufaa. Iliyobaki nimewahudumia watu wa nyumbani: wakulima wa pamba, wafugaji, wavuvi wa Ghuba ya Speke. Ushuhuda huu ni wa kosa langu mwenyewe, na wa kijikaratasi kisichozidi upana wa kidole, ambacho nilikishika mkononi miaka mingi nisijue kwamba siku moja kitanihukumu.

Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba. Mama mmoja wa makamo aliingia, akaketi, tukasalimiana, kisha akafungua kanga bila maneno mengi. Titi la kushoto lilikuwa na bonge la ukubwa wa kokwa la embe, gumu, halisogei ukilisukuma. Ngozi iliyolifunika ilikuwa imebonyea vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Muuguzi yeyote akiiona ngozi ya namna hiyo moyo humshuka.

"Limeanza lini, mayu?"

"Tangu palizi, mwanangu."

"Na tangu palizi umefanya nini?"

Akatoa kwenye kikapu chupa ya nusu lita yenye maji ya ukungu. Akanieleza kwamba kijana mmoja pale mnadani alimuuzia unga mweupe pamoja na vijikaratasi vya kupimia, akamwambia kansa inaishi kwenye asidi na asidi ikiisha nayo inakufa. Unga ulipomwishia alitumia magadi yake ya jikoni, yale tunayotia kwenye mlenda na maharage. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akanionyesha kijikaratasi alichokitunza humo.

"Siku ya kwanza nilipokojolea kilikuwa cha njano. Tazama sasa."

Kilikuwa bluu.

Nilimkaripia. Nilikuwa nimechoka, foleni ilikuwa ndefu, na hasira yangu juu ya yule kijana wa mnadani niliimwagia mtu ambaye hakustahili. Nilimwambia magadi ni ya mlenda, si ya kansa, na kwamba amepoteza miezi mitano kwa upuuzi. Nikamwandikia rufaa. Akakikunja kijikaratasi chake taratibu, akafunga fundo, akashukuru, akaondoka.

Hakwenda. Nilimwona tena palizi iliyofuata, titi limekuwa kidonda kilicho wazi na mkono wa upande ule umevimba hadi vidole havikunjiki. Alifariki kabla pamba haijapasuka. Mwanawe wa kiume aliponijia kuomba karatasi fulani, aliniambia bila chuki yoyote, "Mama alisema nesi alimdharau. Na ile karatasi aliiona kwa macho yake ikigeuka rangi. Sasa angemwamini nani?"

Sikuwa na jibu. Na kilichonikosesha usingizi ni kwamba jibu nilikuwa nalo tangu zamani. Nilikuwa nimelitoa mara nyingi, tena kwa upole, kwa watu wengine.

Katika wodi ya watoto tuliwapokea wengi wenye saratani ya Burkitt. Watu wa kanda yetu ya ziwa wanaijua kwa sura hata kama hawaijui kwa jina: taya la mtoto linavimba, meno yanalegea, na kabla ya mwezi kwisha uso wote umehama. Imeitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeielezea mwaka 1958. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini kwa kuwa inakua kwa pupa, dawa nazo huikamata vizuri, na watoto wengi wakiwahi hupona.

Mojawapo ya dawa tulizowapa ni methotreksati, maji ya manjano yanayoingia kwa dripu. Inapotolewa kwa dozi kubwa ina hatari moja mahususi: hutoka mwilini kupitia figo, na ikikuta mkojo wenye asidi haiyeyuki vizuri. Huganda kuwa chembechembe ndani ya mirija myembamba ya figo, ikaziba. Mtoto aliyekuja kutibiwa taya anaweza kuondoka hana figo. Kinga yake ni maji mengi ya dripu yaliyochanganywa na baikaboneti ya sodiamu, ndugu wa karibu wa magadi. Uasidi wa mkojo, ule ambao wakemia huupima kwa namba za pH, ukipungua na namba hiyo ikapanda kutoka 6 hadi 7, methotreksati huyeyuka mara 5 hadi 8 zaidi. Kwa hiyo dawa haifunguliwi mpaka mkojo ufike 7, na kazi ya kuhakikisha hivyo ni ya muuguzi na kijikaratasi chake.

Usiku mmoja naukumbuka kuliko mingine. Saa tisa, umeme umekatika, namulika kwa tochi ya simu. Mtoto wa miaka 7, taya limefungwa kitambaa. Bibi yake amelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mtoto akakojoa kwenye kopo. Nikachovya. Kijikaratasi kikabaki njano. Nikamwamsha daktari, akaagiza baikaboneti iongezwe, nikaongeza. Tukasubiri. Karibu saa kumi na moja mtoto akakojoa tena, nikachovya, na pale kwenye mwanga wa simu njano ikaanza kuiva kidogo kidogo ikawa kijani, kijani cha jani changa la pamba. Bibi alikuwa ameamka, ananitazama usoni.

"Kijani ni heri, sista?"

"Ni heri, bibi."

"Basi kansa inakufa?"

Nikachuchumaa pale mkekani. "Hapana, bibi. Kijani ni cha figo. Inamaanisha figo zake ziko tayari kuipitisha dawa. Kansa itapigwa na dawa yenyewe, naifungua sasa hivi."

Akaelewa. Sentensi tatu au nne zilimtosha. Nilizisema saa kumi na moja alfajiri, nimesimama tangu saa mbili usiku, na sikuona kwamba nimefanya jambo kubwa. Miaka kadhaa baadaye nikashindwa kumpa mama wa Nyashimo sentensi hizohizo adhuhuri, nikiwa nimeketi kitini.

Baada ya kifo chake nilirudi kusoma. Nilitaka kujua yule kijana wa mnadani aliipata wapi hadithi yake, na nilichokikuta kilinishtua: nusu yake ni kweli.

Kweli yenyewe ina umri wa miaka mia moja. Katika miaka ya 1920 huko Berlin, Otto Warburg, mwanasayansi aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, aligundua kwamba seli za saratani hula sukari kwa namna ya ajabu. Seli ya kawaida ikiwa na hewa ya kutosha huichoma sukari hadi mwisho, na kila chembe moja huipatia nguvu ya kiasi cha vipande 30. Seli nyingi za saratani, hata hewa ikiwepo tele, huikatiza safari hiyo njiani. Hupata vipande 2 tu, kisha humeza sukari nyingine, na nyingine. Mabaki yake ni asidi ya laktiki, ileile inayoyapa maziwa mgando uchachu wake.

Asidi hiyo ingebaki ndani ingeiua seli yenyewe. Kwa hiyo seli ya saratani huitoa nje, nayo ina pampu nyingi za kazi hiyo kwenye ukuta wake. Ipo inayoitwa NHE1, inayotupa hidrojeni na kuingiza sodiamu. Ipo MCT4, inayoisindikiza laktiki nje. Ipo CAIX, kimeng'enya chenye madini ya zinki ambacho huchomoza nje ya ukuta na kuigeuza hewa chafu ya ukaa kuwa asidi na baikaboneti. Asidi inabaki nje, baikaboneti inarudishwa ndani kutuliza mambo. Nikimweleza mtu wa huku nasema hivi: ni jirani anayefagia nyumba yake asubuhi na jioni, na taka zote anazitupa kwenye uwanja wako.

Vipimo vinaonyesha jambo hilo waziwazi. Katika mwili mzima, ndani ya seli pH ni kama 7.2, na majimaji ya nje ni 7.4. Kwenye uvimbe hesabu hugeuka: ndani hufika 7.4 au kupita, nje hushuka hadi 6.8, hata 6.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini kila namba moja ya pH ni mara 10. Katika uwanja huo mchachu seli nzima za jirani hufa. Nyuzi zinazoshikilia nyama huyeyushwa, na saratani hupata njia ya kutambaa. Seli za ulinzi zinazofika kupigana hulegea. Hata dawa zetu huzuiwa mlangoni: doksorubisini, ile nyekundu tunayowapa wagonjwa wengi wa saratani ya titi, ikikutana na asidi hubeba chaji ya umeme, na chenye chaji hakipenyi ukuta wa seli kwa urahisi.

Kwa hiyo mama hakuwa mpumbavu. Aliambiwa kwamba penye saratani pana asidi, na ni kweli. Aliambiwa magadi huikata asidi, na ni kweli; kila mpishi anajua. Uongo uliingia katikati, mahali ambapo yeye hakuwa na njia ya kupaona, nami niliyepajua sikumwonyesha.

Mahali penyewe ni damu. Damu ya binadamu hulindwa pH yake ikae kati ya 7.35 na 7.45, na walinzi wake ni mapafu na figo. Ukinywa magadi, sehemu ya kwanza humalizana na asidi ya tumboni, ukabeua. Kinachobaki huingia kwenye damu. Mapafu hupunguza kidogo mwendo wa kutoa hewa, figo hufungua mlango, na ziada yote humwagwa kwenye mkojo. Chovya kijikaratasi hapo nacho kitageuka bluu bila kukosea, kwa mwenye saratani na kwa asiye nayo. Bluu ile ni taarifa kwamba figo zimeyatupa magadi nje. Uvimbe uko kifuani, pampu zake zinaendelea, haujui kilichotokea kwenye kopo.

Na mwili haukubali kuchezewa bila gharama. Sodiamu nyingi hupandisha shinikizo la damu na kujaza miguu maji. Potasiamu ikishuka, moyo hupiga ovyo. Magadi ya mawe ni makali kuliko baikaboneti ya dukani, huunguza koo na tumbo, na mengi yana floraidi ile inayotia meno ya watoto wetu madoa ya kahawia. Lakini gharama kubwa kuliko zote ni muda. Bonge la kokwa la embe hukatwa na kutibiwa. Kidonda kilichofika kwapani na kwenye mapafu ni shughuli nyingine kabisa.

Wodini niliona hata ile hali adimu ambapo saratani ya damu au ya tezi huzidi nguvu za walinzi, laktiki ikafurika hadi damu yenyewe ikawa na asidi. Mtoto huhema kama aliyepanda kilima akikimbia, ilhali mapafu yake ni safi. Hapo baikaboneti ya dripu husaidia kwa saa chache tu, kisha asidi inarudi palepale. Kinachoimaliza ni dawa inayoua saratani. Ukiendelea kukausha sakafu huku mtungi unavuja, utakesha na kitambaa mkononi.

Je, asidi ya uvimbe haiwezi kushambuliwa? Inaweza, na wapo wanaojaribu kwa bidii. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwapa panya wenye saratani maji ya baikaboneti, na saratani ikapunguza kusambaa, ingawa uvimbe wa kwanza uliendelea kukua kama kawaida. Habari hiyo ilienea duniani, na nadhani vipande vyake ndivyo vilivyofika mnadani kwetu. Kilichobaki njiani ni sehemu iliyofuata: watu walipojaribiwa, walishindwa kunywa kiasi kinachohitajika, kwa ladha yake na kwa maumivu ya tumbo. Huko Hangzhou, China, madaktari walieleza mwaka 2016 jinsi walivyopitisha mrija mwembamba hadi kwenye ateri inayolisha uvimbe wa ini, wakamimina baikaboneti humohumo pamoja na dawa za saratani, kisha wakaiziba ateri hiyo. Uvimbe uliitikia vizuri zaidi kuliko bila baikaboneti. Wagonjwa walikuwa makumi tu, na kazi bado inahitaji kurudiwa kwa upana. Lakini angalia njia waliyopita: hawakupita mdomoni. Waliingia hadi uwanjani mwa jirani.

Wengine wanalenga pampu zenyewe. Huko Canada imejaribiwa kwa wagonjwa dawa iitwayo SLC-0111, inayoiziba CAIX. Pampu hii inavutia kwa sababu seli nyingi nzima hazina haja nayo, wakati uvimbe unaokosa hewa huitengeneza kwa wingi. NHE1 ni ngumu zaidi, maana moyo na ubongo pia huitumia. Dawa ya kariporidi iliyoiziba, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo, ilileta vifo zaidi kwa kiharusi, ikaachwa. Mpaka leo hakuna dawa ya kuziba pampu hizi iliyoingia kwenye matibabu ya kawaida ya saratani. Nina tumaini na dawa hizi, kwa sababu nimeona dawa nyingine zilivyoanza kwa mwendo huohuo wa kusuasua. Ila tumaini la maabara silichanganyi na chupa ya nusu lita.

Wala tusidhani ni watu wa huku tu wanaodanganyika. Huko California, jimbo la hospitali za kila aina, mtu aitwaye Robert Young aliandika vitabu akidai chanzo cha maradhi ni asidi mwilini, akawawekea wagonjwa wa saratani baikaboneti mishipani. Mwaka 2017 alifungwa kwa kutibu watu bila leseni, na mwaka 2018 mahakama ikamwamuru amlipe mgonjwa mmoja dola milioni 105. Mgonjwa huyo alikuwa ameacha matibabu yake ya saratani ya titi kwa ajili ya nusu ya ukweli ileile.

Mwaka jana, mvua za vuli zikianza, aliingia mama mwingine. Bonge dogo kuliko lile la kwanza, chini ya kwapa hakuna kitu, kwenye kikapu chupa, na kwenye pindo la kanga fundo. Huyu alikwenda hospitali. Naeleza tulivyozungumza ili wenzangu wa zahanati na vituo vya afya wapime wenyewe.

Nilifunga mlango. Nikamwomba anionyeshe kijikaratasi, nikakishika kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kitu cha mgeni, nikakipeleka dirishani penye mwanga. Nikamwambia, "Mayu, kijikaratasi hiki hakisemi uongo. Nilikitumia miaka 6 wodini." Mabega yake yakashuka. Nikamweleza maziwa mgando, nikamweleza jirani mwenye kutupa taka, na kwamba maji anayokunywa yanafika chooni bila kupita uwanjani kwa yule jirani. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mgonjwa: "Kwa hiyo nilikuwa napima mlango wa kutokea?"

"Ndiyo, mayu. Mlango wa kutokea."

Ndipo nikamuuliza kinachomzuia kwenda Mwanza. Nikagundua kwamba magadi yalikuwa sababu ndogo. Kulikuwa na nauli na gharama za kukaa. Kulikuwa na mume anayeogopa neno "kukata". Kulikuwa na ekari za pamba zinazotaka palizi, na hofu kwamba kila anayepelekwa hospitali ya Bugando kule Mwanza anarudi kwenye jeneza. Hilo la mwisho lina chanzo chake: wanawake wetu wengi hufika huko saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne, na wanaobaki kijijini huhesabu majeneza bila kuhesabu miezi iliyopotea kabla yake. Nikamwambia saratani yake bado changa, na watakaomwona wataanza kwa kuchukua kinyama kidogo cha kupima, si kwa kukata titi. Siku ya pili akarudi na mumewe na shemeji yake, tukayarudia yote upya, pamoja na maziwa mgando.

Alipokuwa anainuka aliniuliza, "Na hiki nikitupe?"

Nilikitazama kile kipande cha bluu kwenye kiganja chake. Nikamkumbuka yule wa kwanza akikikunja taratibu mbele yangu.

"Usikitupe, mayu. Kinasema figo zako zinafanya kazi. Magadi acha leo. Kule watazipima vizuri kwa damu, kwa sababu dawa zao zinataka figo zenye nguvu. Nenda nazo hivyohivyo, kabla hazijachoka."

Akakifunga tena kwenye pindo la kanga, akaketi, akaniomba nimwandikie barua.